Uachiwe au Uandikiwe

Shilingi 30,000. Hiyo ndiyo faini ya kosa moja la barabarani kwa gari, liwe kosa la taa ya breki iliyoungua au la kupita kasi mbele ya shule. Kwa bodaboda na bajaji, bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha hadi shilingi 10,000. Ukitaka kuelewa kinachotokea gari linaponyooshewa mkono na trafiki pale Mwenge, Buguruni au Kimara, jijini Dar es Salaam, anza na tarakimu hizo mbili.

Piga hesabu. Askari akilizunguka gari lililoshuka bandarini miaka kumi iliyopita, ni nadra akose mambo matatu: tairi moja limeisha, mpira wa wipa umechanika, mtungi wa kuzimia moto haupo. Makosa matatu ni shilingi 90,000. Mbele ya 90,000, elfu kumi inayonong'onwa dirishani inaonekana kama huruma. Makosa yakitajwa tu kwa mdomo bila kuingizwa kwenye mashine ya kuandikia faini, kila moja linageuka bidhaa ya kupatania bei. Faini iliyo sawa kwa kila kosa iliwekwa ili kurahisisha kazi ya barabarani, lakini imezaa pia soko hilo.

Msimamo wetu ni huu: kusimamishwa na trafiki kuna miisho miwili tu iliyo halali. Unaachiwa, kwa onyo au bila onyo. Au unaandikiwa na kupewa namba ya malipo. "Sasa dereva tufanyeje?" si mwisho wa tatu, ni mlango wa sokoni. Kazi ya dereva tangu mkono unaponyooshwa ni kufika kwenye mmojawapo wa miisho hiyo miwili kwa haraka na kwa adabu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa nyumbani kabla gari halijawashwa.

Jua kwanza aliyekusimamisha ni nani. Trafiki wa Dar es Salaam anajulikana kwa sare nyeupe, na huyo ndiye mwenye kazi ya kukagua leseni, gari na uendeshaji wako. Askari wa kawaida anaweza kukusimamisha kwa sababu za ulinzi, hasa usiku kwenye vizuizi, na naye anastahili utii uleule. Mkaguzi wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, anashughulika na magari ya biashara: leseni ya usafirishaji, ruti, nauli. Mkusanyaji wa ushuru wa maegesho hana kazi na leseni yako. Deni la maegesho nalo linalipwa kwa namba ya malipo, si mkononi mwake. Ukisimamishwa na mtu asiye na sare anayejiita askari, mwombe kitambulisho ukiwa bado ndani ya gari, na vioo viwe vimeshushwa kiasi cha kusikilizana tu. Kama ni usiku na mahali ni pa giza, washa hazadi, punguza mwendo kabisa na usogee hadi penye mwanga, kwa mfano kituo cha mafuta kilicho karibu, kisha usimame. Hazadi na mwendo wa pole vinamwonyesha askari wa kweli kwamba hukimbii.

Kusimama kwenyewe kuna utaratibu ambao madereva wengi wa mjini huuharibu. Mkono ukinyooshwa, mguu huparamia breki hapo hapo, gari la nyuma likagonga, au bodaboda anayepita kushoto akabanwa kati ya mlango na ukingo wa barabara. Mkono wa askari haukuondolei wajibu kwa aliye nyuma yako. Tazama kioo cha kati, washa indiketa ya kushoto, tazama kioo cha kushoto kisha geuza shingo kidogo, maana bodaboda hujificha mahali ambapo kioo hakionyeshi. Punguza mwendo polepole na utoke nje ya njia kabisa. Usisimame juu ya zebra, wala kituoni mwa daladala, wala kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi. Ukipita hatua kumi au ishirini mbele ya askari kwa sababu hiyo, si kosa, atakufuata. Ukishasimama: handibreki, gia huru au P, hazadi, zima injini. Shusha kioo cha upande wako chote. Usiku washa taa ya ndani. Mikono iwe juu ya usukani hadi atakapokuomba kitu.

Halafu baki kwenye kiti.

Hili tunalisisitiza kwa sababu Dar es Salaam kuna mazoea ya dereva kushuka mwenyewe, leseni mkononi, akamfuata askari hadi nyuma ya gari. Nyuma ya gari ndipo sauti hushuka. Abiria hawasikii, kioo hakionyeshi, na mazungumzo ambayo yangechukua dakika mbili dirishani huchukua kumi na tano. Akikuomba ushuke ili akuonyeshe tairi au taa, shuka, tazama, kisha rudi kwenye kiti chako.

Maneno ya kwanza ni salamu, na salamu haipunguzi haki ya mtu. "Habari za kazi, afande." Mpe leseni akiiomba. Kisha swali moja: "Afande, kosa langu ni lipi?" Baada ya hapo nyamaza umsikilize. Madereva wengi hujimaliza katika sekunde hizo. Kuna anayeanza kuomba msamaha kabla hajaambiwa kosa: "Nisamehe afande, nilikuwa nawahi hospitali." Huyo ameshakiri mwendo kasi ambao pengine haukuwa hata umepimwa. Mwingine anataja jina la mkubwa fulani anayemfahamu, na hapo askari aliyekuwa tayari kutoa onyo anaona lazima aonyeshe kwamba hatishiki. Wa tatu ndiye wa hatari zaidi: anauliza, "Tunasaidianaje?" Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea kwa uzito uleule. Dereva aliyeanzisha habari ya pesa hana tena la kulalamikia.

Sentensi inayofaa ni hii, kwa sauti ya kawaida: "Kama ni onyo nashukuru, afande. Kama ni kosa, naomba uniandikie." Haina dharau ndani yake na haimpi mtu nafasi ya kupatana. Akitaja makosa matatu, muulize anaandika lipi, na umwombe akuonyeshe kila moja kwenye gari. Makosa mengi ya kurundika hupungua yanapotakiwa kuonyeshwa kwa kidole. Na yakibaki matatu yote, yakaonekana yote, basi ni yako, lipa.

Sasa yale ya nyumbani. Leseni iwe kadi halisi, haijaisha muda, na daraja lake lilingane na gari. Hapa ndipo madereva wengi wa teksi za mtandaoni wanapokwama. Daraja D haliruhusu kubeba abiria kwa malipo. Kubeba abiria kwa malipo ni madaraja ya C: C yenyewe kwa gari la abiria 30 au zaidi, C1 kwa 15 hadi chini ya 30, C2 kwa wanne hadi chini ya 15, C3 kwa chini ya wanne. Hesabu viti vya abiria vya gari unaloendesha kabla ya kujaza fomu ya kuongeza daraja, usihesabu kwa mazoea ya mwenzako. Namba nazo husema: bamba la njano ni la gari binafsi, jeupe ni la biashara. Gari lenye bamba la njano na abiria wanaolipa lina tatizo kubwa kuliko faini, kwa sababu bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inampa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali.

Bima siku hizi haisomwi kwenye stika ya kioo. Askari huingiza namba ya gari na kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo kwa simu yako. Fanya hivyo dakika ileile unapolipa, ukiwa bado mbele ya wakala. Angalia vitu vitatu: namba ya gari imeandikwa sawasawa, aina ya matumizi, na tarehe ya mwisho. Herufi moja ikikosewa, mfumo utasema gari lako halina bima ingawa umelipa, na mzigo wa kueleza utakuwa wako kando ya barabara jua la saa nane. Kadi ya gari halisi usitembee nayo. Nakala inatosha kwa mazungumzo ya kawaida, na gari lililokopewa benki kadi yake huwa iko benki hata hivyo. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile waliyoizoea wazee kama "rodi laisensi", ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta. Hakuna stika yake ya kuulizwa.

Kuhusu gari lenyewe, makosa mengi yanayoandikwa yanazuilika kwa dakika tano jioni. Anza na taa ya breki. Balbu ya nyuma ya magari mengi ina nyuzi mbili ndani: dhaifu ya wati 5 kwa taa ya usiku, na yenye nguvu ya wati 21 kwa breki. Uzi wa breki ukikatika, taa ya usiku inaendelea kuwaka kama kawaida, na dereva anaapa kwamba taa zake ni nzima. Rudisha gari kinyumenyume hadi karibu na ukuta giza likiingia, kanyaga breki, hesabu miale. Ukiona upande mmoja tu unang'aa, badilisha balbu hata kesho isifike. Ikiwa balbu mpya nayo haiwaki, kagua soketi: kutu ya chumvi ya pwani hula vile vidoti vya shaba, na msasa mdogo huviponya.

Tairi linapimwa kwa alama zilizo ndani ya mifereji yake, vile vinundu vinavyokatiza mfereji. Uso wa tairi ukilingana navyo, kimebaki kina cha milimita 1.6 na tairi limekwisha. Umri wake umechapwa ubavuni baada ya herufi DOT: tarakimu nne za mwisho, 3219 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba huweza kuwa na mifereji mizuri na mpira uliokauka. Pinda ubavu kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa ndogondogo. Mtungi wa kuzimia moto uwe na pini na mshale wake ndani ya kijani, na ufungwe karibu na kiti cha dereva. Ukiwa ndani ya buti chini ya magunia ya mkaa, hautamsaidia mtu siku ya moto. Kila mwezi ugeuze kichwa chini na kuutikisa, kwa sababu unga hushikamana chini na mtungi unaosoma kijani unaweza usitoe kitu. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwe nzima na ziwe na miguu ya kusimamia. Bamba la namba libaki lile lililotolewa, herufi zake zisibadilishwe umbo, na taa yake ndogo iwake usiku.

Tochi, yaani kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoleta ubishi mkubwa na ubishi mwingi hauna msingi. Ndani ya mji mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa isipokuwa kibao kiseme vinginevyo, na barabara kuwa pana haibadilishi hilo. Bagamoyo, Kilwa na Nyerere ni barabara zinazomshawishi dereva kwa upana wake. Kwenye 50 gari linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Kwenye 70 ni zaidi ya mita 19. Tofauti hiyo ya mita tano kila sekunde kabla mguu haujafika kwenye breki ndiyo inayotofautisha mtoto aliyeponea zebra na aliyegongwa.

Dereva husema, "Alikuwa amejificha pembeni, kipimo hakiwezi kuwa sahihi." Kwa hakika, tochi inayopima kutoka pembeni husoma mwendo mdogo kuliko ule halisi, kwa hiyo pembe inampendelea dereva. Husema pia spidomita yake ilikuwa kwenye 50 tu. Spidomita za kiwandani zimetengenezwa zisisome pungufu. Husoma sawa au zaidi kidogo. Zinadanganya pale mwenye gari alipofunga tairi zenye kipenyo kikubwa kuliko zilizokuja nalo, maana kila mzunguko wa gurudumu sasa unakula barabara ndefu zaidi. Ukibadilisha saizi ya tairi, linganisha spidomita na mwendo unaoonyeshwa na ramani ya simu, mtu mwingine akiishika hiyo simu.

Ubishi wenye msingi ni mmoja: je, gari lililopimwa ni langu? Tochi ya leza ina mwale mwembamba. Kwenye umbali wa mita 300 upana wake ni karibu mita moja, kwa hiyo hulenga gari moja. Ya mawimbi ya redio hutawanyika zaidi na inaweza kushika gari kubwa linalokufuata kwa kasi. Tena Dar es Salaam mara nyingi anayepima yuko nyuma, na picha hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele. Kwa hiyo omba kuona picha, na usome mambo manne: namba ya gari, mwendo, saa na mahali. Namba ikisomeka na saa ikilingana, kosa ni lako. Ikiwa picha haionyeshi namba, au saa inasema ulipita Tegeta wakati ule ulikuwa bado Bunju, sema hivyo kwa upole na utaje unachokipinga. "Tochi zenu mbovu" si utetezi.

Jiji hili lina mitego yake. Kwenye makutano yenye taa, askari anayeongoza kwa mkono yuko juu ya taa. Akikuita upite kwenye nyekundu, unapita. Tatizo huja mita mia mbili mbele, ambapo mwenzake ameona taa tu na hakuona mkono. Sema mara moja ni nani aliyekupitisha na makutano gani. Wana redio na simu za kuulizana. Kukunja kushoto kwenye nyekundu, kama hakuna mshale wala njia ya pembeni ya kukunjia, ni kosa, ingawa kila asubuhi unawaona mamia wakifanya. Zebra: mguu wa mtu ukishakanyaga, unasimama, hata kama gari la njia ya pili halijasimama. Kutanua, yaani kupita pembeni au upande wa wanaokuja ili kuikwepa foleni, hakuna namna ya kukutetea, wala kuingia njia ya mwendokasi. Kwa haya usiombe hata onyo. Omba uandikiwe uondoke.

Kuhusu pombe, kwa ufupi: kwa dereva wa kawaida kikomo ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na kwa dereva wa biashara ni sifuri. Kukataa kupimwa nako ni kosa. Kabla ya kupuliza, omba mrija mpya ufunguliwe mbele yako, na kama umetoka kunywa au kusukutua kinywa sasa hivi, sema, kwa sababu pombe iliyobaki mdomoni huinua kipimo na inahitaji dakika 15 kutoweka.

Ukiandikiwa, soma kabla ya kuondoka. Namba ya gari, jina na leseni yako, kosa lenyewe kwa maneno, mahali, saa, kiasi, na ile namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Kama kosa lililoandikwa si lile mliloongea, sema hapo hapo. Lipa kwa simu au benki kwa namba hiyo tu. Hakuna askari anayepokea faini mkononi "akakulipie", na hakuna namba ya mtu binafsi ya kutumia pesa ya serikali. Kuandikiwa si kuhukumiwa. Katiba, ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa na inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika. Usipokubali kosa, sema hukubali na uko tayari kwenda mahakamani. Lakini pima: kesi inataka siku zako, na ushahidi uwe ule uliokusanya papo hapo. Andika jina lililoko kifuani, au namba ya askari inayoanza na herufi, saa na eneo. Piga picha ya kibao kilichofunikwa na matawi au ya zebra iliyofutika rangi, gari likiwa limesimama. Kumsogezea askari simu usoni huongeza joto na mara chache huleta ushahidi unaofaa.

Kuna jambo moja ambalo sisi hatulivumilii: askari kuingiza mkono dirishani na kuchomoa funguo. Gari likiwa linatembea, funguo ikitoka, usukani hujifunga na breki hupoteza msaada wa injini. Pedali inakuwa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Ni hatari kwa askari aliyening'inia dirishani kabla hata ya kuwa hatari kwa dereva. Zima injini mwenyewe mapema, uondoe sababu. Ikiwa anataka gari liende kituoni, waambie abiria kwa utulivu, endesha mwenyewe hadi kituoni, na huko omba jambo liingizwe kitabuni na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa hiyo kitabuni. Gari likizuiwa au kitu kikichukuliwa katika upekuzi, unastahili hati inayokiri kilichochukuliwa, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke. Malalamiko yapeleke kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya au wa mkoa wa kipolisi husika, Ilala, Kinondoni au Temeke. Ukidaiwa pesa, piga 113 ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bila malipo, ukitaja mahali na saa.

Yote haya ni rahisi kuyasema kwa mwenye gari lake. Dereva wa daladala anadaiwa hesabu ya bosi jioni hii, na mafuta, na konda. Saa kumi na moja na nusu jioni kati ya Mbagala na mjini, dakika ishirini za kusubiri kuandikiwa ni tripu nzima iliyopotea. Kwake elfu mbili si rushwa tu, ni bei ya muda, na anayesimamisha anaijua bei hiyo. Kumhubiria uadilifu bila kufupisha dakika hizo ni kumwonea. Mashine ya kuandikia ikichukua dakika tatu, soko la elfu mbili linakosa hewa. Mtandao ukikatika na askari akasema "subiri", soko linafunguliwa tena.

Kwa hiyo madai yetu kwa wenye mamlaka ni mawili. Onyo nalo liingizwe kwenye mashine, kwa namba ya gari na namba ya askari. Leo onyo halina kumbukumbu, hivyo gari lililosimamishwa likaachiwa bila karatasi haliwezi kutofautishwa na lililoachiwa kwa elfu tano. Likiandikwa, mkubwa wake atajua askari yupi alisimamisha magari sitini na kuandika mawili. Pili, faini zipewe ngazi. Mpira wa wipa usigharimu sawa na kupita kasi kwenye zebra ya shule. Na kasoro ndogo za gari zipewe siku saba za kutengeneza, mwenye gari akaonyesha kituo chochote cha polisi kwamba ametengeneza. Dereva aliyepewa siku saba ana sababu ya kununua balbu. Aliyetoa elfu tano anarudi barabarani na balbu ileile iliyoungua, na kesho anasimamishwa makutano yanayofuata.

Wenye magari ya biashara nao wana lao. Faini hufuata namba ya gari, na deiwaka, yaani dereva wa kibarua, aliyeshika usukani siku mbili ameshahamia gari jingine deni likiwa limebaki kwako. Kila jioni kabla ya kupokea hesabu, ingiza namba ya gari kwenye tms.tpf.go.tz, tovuti ya polisi ya kuangalia madeni ya faini. Ukiona deni jipya, dereva wa siku hiyo bado yuko mbele yako na anakumbuka ilikuwa wapi. Ukilipa, tunza ujumbe wa malipo na uangalie tena baada ya siku mbili. Malipo yakikwama kwenye mfumo, ujumbe huo ndio utakaouonyesha kituoni. Na unaponunua gari mtumba yadi yoyote ya Dar es Salaam, angalia hapo kabla ya kutoa hata kishika uchumba, kwa sababu askari wa Kibamba hatamtafuta mmiliki wa zamani.